Jamaa wanaolea mayatima walipwe posho

Mhariri,

Ripoti yenu kuhusu mkakati wa Kenya wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao ya kulelea watoto na kuwarejesha kwa jamaa zao haikugusia gharama. Nyanya anayekabidhiwa wajukuu hukabidhiwa pia sare, madaftari na unga wa jioni, ilhali Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza, hulipa Sh2,000 kwa mwezi kwa kaya nzima, wawe watoto wawili au saba.

Marekani, sheria ya 2008 iliiwezesha serikali kuu kuchangia posho za jamaa wanaopewa ulezi wa kisheria, bila mzazi kuvuliwa haki zake kama inavyokuwa katika kuasili. Na hapo ndipo penye uzito, kwani mama mgonjwa huweza kupona akamtaka mwanawe. Bunge letu liambatanishe amri ya ulezi na posho ya kila mtoto.

Msomaji,
Kakamega