Kutojua kuna aina zake

Mhariri, hivi mbona siku hizi kwenye gazeti kila asiyejua kitu anaandikwa "hana habari"? Sawa, maana hiyo ipo, lakini watu wakisema jamaa anadaiwa na wala hana habari wanamaanisha anajua fika ila hajali, sasa ukimwandikia hivyo mtu aliyetapeliwa si umeshamgeuza mzembe. Huyo hakujua, basi. Na dereva anayeijua kona vizuri kabisa ila akili ikahama kidogo akapitiliza, huyo kaghafilika, neno lipo na ni ndugu wa ghafla, yote yametoka Kiarabu, sijui mnaliogopea nini. Mjinga nalo mnalionea bure, mjinga akielezwa anaelewa, mpumbavu ndo kazi.