Barua ya wazi: Mheshimiwa, leta daktari atupime vidole

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya usalama na afya kazini, Nyanda za Juu Kusini.

YAH: MIKONO YA WAENDESHA CHENSO MUFINDI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mheshimiwa, siku ya Mei Mosi ulisimama mbele yetu ukaahidi kwamba kabla ya kipupwe daktari atakuja kutupima sisi tunaoshika chenso, misumeno ya injini ya kukatia miti. Tulikupigia makofi. Sasa ni Julai, baridi imetushika, daktari hatujamwona, na wiki iliyopita mwenzetu amelazwa baada ya chenso kumponyoka na kumchana juu ya goti.

Kwenye fomu ya ajali msimamizi ameandika chanzo: uzembe. Ndiyo maana naandika. Yule si mzembe. Ndiye aliyenifundisha kunoa mnyororo na kuusoma mti wa paina utalalia upande gani. Asubuhi ile alitwambia vidole vyake havina habari. Alikuwa akivipuliza na kuvisugua mapajani, vimekuwa vyeupe kama mshumaa kuanzia ncha mpaka kiungo cha pili. Akaambiwa muda unakwenda, tunalipwa kwa ujazo wa miti tunayokata. Mtu asiyesikia vidole vyake atajuaje kama ameushika mpini au ameuachia?

Mimi mwenyewe niko njia hiyo hiyo. Usiku ganzi inaniamsha. Vifungo vya shati ananifunga mke wangu. Nikiingiza mkono mfukoni siwezi kujua ipi sarafu ya mia na ipi ya mia mbili mpaka nizitoe nizitazame, na kondakta anadhani namchelewesha makusudi. Zahanati wananipa dawa ya maumivu, wanasema ni baridi yabisi. Majirani wanasema nimerogwa. Mimi nasema ni chenso, na nadhani hata mafuta machafu tunayopewa yanachangia, maana mashine inakohoa na kutetemeka kuliko zamani. Kati ya injini na mipini kuna raba za kumeza mtetemo. Kwenye mashine yangu moja ilipasuka, nikaomba nyingine, sikupewa. Nimefunga kipande cha tyubu ya baiskeli.

Jambo hili si geni, Mheshimiwa. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton wa Marekani alikwenda kwenye machimbo ya mawe ya Bedford, Indiana, akawakuta wachonga mawe waliotumia nyundo za upepo vidole vyao vikigeuka vyeupe kwenye baridi. Mtetemo unaumiza mishipa midogo ya damu na ya fahamu. Baridi ikija mishipa inajibana, damu haifiki. Weupe huja na kuondoka, lakini ganzi ikishakomaa mara nyingi haitoki tena. Shirika la Kazi Duniani limeyaweka magonjwa ya mtetemo kwenye orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi. Sheria yetu wenyewe ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe kabla ya kuanza kazi na aendelee kupimwa akiwa kazini. Mimi hakuna aliyewahi kunipima hata kidole kimoja.

Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wa ajali na magonjwa ya kazini. Lakini mwenzetu atadai nini kama karatasi inasema uzembe, na ugonjwa wenyewe haujaandikwa popote?

Tunahitaji raba mpya. Tunahitaji glavu za kutunza joto, na zamu, ili mtu asishike mashine kutwa nzima. Hayo nakuomba, lakini naweza kuyasubiri. Daktari siwezi kumsubiri. Uliahidi daktari, Mheshimiwa, naomba daktari.

Na akija, asije saa nane mchana. Aje saa kumi na mbili asubuhi, huku msituni, wakati umande bado uko kwenye majani na sisi ndiyo tunawasha mashine. Jua likishapanda vidole vinarudi rangi yake, na mtaandika kwamba sisi ni wazima.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwendesha chenso, Mufindi