Modi za nyambizi si za kurundika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu safu yenu ya teknolojia, iliyowashauri wapenzi wa gemu za nyambizi wapakue modi zote za uhalisia (mafaili ya wachezaji yanayobadilisha gemu ifanane na vita vya kweli) wanazozikuta na kuzipachika kwa mkupuo. Atakayefuata ushauri huo atamaliza kifurushi cha mwezi, na gemu itamgomea.

Tuchukue Silent Hunter III ya Ubisoft, ya mwaka 2005, ambayo unaongoza nyambizi ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili. Umri umekwenda, lakini inakubali laptopu za mtumba za Kariakoo, na modi zake zimekomaa. Modi haiongezwi juu ya gemu kama bizari kwenye pilau. Ni mafaili yanayokalia nafasi ya mafaili ya awali. Modi mbili kubwa, GWX 3.0 na NYGM, zote zinagusa faili la Zones.cfg, linaloamua meli inaumia vipi, na la Sim.cfg, linaloamua adui anaona na kusikia kiasi gani. Ukiziweka pamoja, iliyoingia mwisho inaifunika ya kwanza nusunusu: meli za huku, majeraha ya kule. Gemu inazimika katikati ya kufunguka, lawama zinakwenda kwa fundi wa kompyuta.

Chagua moja. NYGM inamfaa anayejali jinsi meli inavyokufa: inajaa maji polepole, na inaweza kuelea saa kadhaa baada ya kupigwa. GWX inamfaa anayetaka bahari yenye pilika, yaani bandari, ndege na misafara ya meli. Anayeanza aende na GWX, maana mwongozo wake una mamia ya kurasa na karibu kila swali lina jibu humo. Tatizo ni kwamba hausomwi.

Anza na gemu safi ya toleo la 1.4b. Ya Steam inakuja na toleo hilo tayari. Ya diski ya zamani hutiwa kwanza kiraka, yaani faili la kurekebisha programu. Usiiache ndani ya Program Files. Windows inailinda folda ile, na mabadiliko yako yanaweza kuishia kwenye folda ya pembeni iitwayo VirtualStore. Unahariri faili moja, gemu inasoma jingine. Iweke mahali kama C:\Gemu, kisha nakili folda nzima kwenye diski ya nje. Kurudisha nakala ni dakika chache, kupakua upya ni kifurushi kingine. Ndani ya Documents kuna folda ya SH3 inayotunza safari zako za zamani. Ibadilishe jina kabla ya kuweka GWX, kwa sababu safari iliyoanzishwa bila modi hiyo haiivani nayo. Na kwa kuwa programu hii ni ya biti 32, ambayo kwa kawaida hutumia gigabaiti 2 tu za kumbukumbu, sh3.exe, faili linaloiwasha gemu, lipewe kiraka cha kuiruhusu itumie gigabaiti 4. Kwenye Windows ya biti 64 hapo ndipo kuzimika hovyo bandarini kunapopungua.

Modi ndogo zinapitia JSGME, programu ndogo ya kuweka na kuondoa modi. Ukiifungua utaona safu mbili: kushoto modi zilizolala, kulia zinazofanya kazi. Unaisukuma modi kulia, programu inahifadhi faili la awali na kuweka jipya. Ikikuonya kwamba faili fulani limeshabadilishwa na modi nyingine, simama usome, usibonyeze ndiyo kwa mazoea. Kuziondoa ni kinyume cha kuziweka: ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka. Kosa linalowakuta wengi ni folda ndani ya folda. Ndani ya MODS, folda ya JSGME ya kuwekea modi, panatakiwa jina la modi, na chini yake moja kwa moja folda iitwayo data. Ukifungua zipu vibaya jina linajirudia mara mbili. JSGME itaonyesha modi iko kulia kabisa, na ndani ya gemu hakuna kilichobadilika.

Weka modi moja, fungua gemu, anzisha safari mpya, hifadhi bandarini, toka, rudi. Ikipita, ndipo uweke ya pili. Usiguse modi nyambizi ikiwa baharini. GWX huchukua dakika kadhaa kufunguka kwenye diski ya kawaida, kwa hiyo skrini ikiganda usikimbilie kuizima. Kuhifadhi nako kuna adabu yake: uwe juu ya maji, na pasiwe na meli wala ndege jirani. Ukihifadhi ukiwa umezama katikati ya msafara, faili linaweza lisifunguke tena. Kwa wanaoishi na umeme wa kukatika, dawa ni kuibuka na kuhifadhi kila msafara unapopotea machoni.

Katika GWX imo pia Bahari ya Hindi. Maji hayo yana historia yetu. Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa torpedo 2 (makombora yanayosafiri ndani ya maji) na nyambizi ya Japani I-27 karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wakiwamo askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Modi peke yake haikupi uhalisia kama bado unaachia kompyuta ikulengee. Washa ulengaji wa mkono. Nyambizi ikiwa imesimama, weka mstari wa wima wa periskopu, darubini ya nyambizi, mbele ya njia ya meli. Pua ikiugusa anza saa, mkia ukipita simamisha. Kitabu cha meli kilichomo ndani ya gemu kinasema urefu ni mita 130, saa inasema sekunde 32: gawanya, zidisha kwa 1.94, unapata karibu maili 8 za baharini kwa saa. Kwa torpedo ya umeme ya kasi ya maili 30, iliyowekwa iende moja kwa moja bila kupinda, na meli inayokatiza mbele yako kwa pembe mraba ikitokea kushoto, unafyatua ikifika digrii 345, yaani digrii 15 kushoto mwa pua yako. Ukikosea kasi kwa maili 1, kwenye umbali wa mita 1,000 unakosea mita 33, na bado unaipata meli. Ukikosea maili 2 ni mita 67, na toka katikati uliyolenga hadi ncha ya meli ni 65 tu, kwa hiyo unaikosa.

Torpedo ikigonga bila kulipuka, usiifute modi. Torpedo za Wajerumani ziliwaangusha kweli, hasa kwenye pwani ya Norway Aprili 1940, na chaguo la torpedo mbovu ndani ya gemu linaiga aibu hiyo. Tazama kwanza pembe: kifyatuzi cha kugonga kinataka ubavu ulionyooka, ukiupiga kimshazari torpedo inateleza.

Mdau wa gemu,
Sinza, Dar es Salaam