Bila kikomo, vigezo na masharti kuzingatiwa

Segerea, Dar es Salaam

Shoga yangu,

Umenilalamikia mara tatu sasa kwamba ukinipigia kwa video naganda mdomo wazi kama samaki wa Feri, mpaka umedhani nakukwepa. Sikukwepi, ni intaneti yangu. Ngoja nikupe kisa chenyewe, tena kwa barua, maana maandishi ni mepesi, haya yatapita.

Unaijua kazi yangu ya kuhariri video za harusi. Mwezi uliopita nilikuwa na send-off ya familia moja ya Sinza, wana ndugu tele Muscat, na hao ndugu wameahidiwa kuiona Ijumaa usiku. Video yenyewe GB 9. Mimi nalipia faiba ya Mbps 20, kupakia na kupakua sawasawa, ndivyo mkataba unavyosema. Hizo Mbps, yaani megabiti kwa sekunde, usizichanganye na MB, megabaiti, kama nilivyokuwa nafanya mimi. Unagawa kwa nane, unapata MB mbili na nusu kwa sekunde. Kwa hiyo GB 9 ni kazi ya saa moja. Alhamisi saa mbili usiku nikabonyeza, nikaenda kusonga ugali. Narudi, asilimia 6. Nimekula, nimeosha vyombo, 11. Saa sita usiku ikafika 39, ikakatika, ikaanza upya na 1. Huku mama wa bibi harusi ananitumia sauti moja baada ya nyingine, kila moja inaanza na "mwanangu" na inazidi kupoa.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada, zima ruta, hesabu mpaka thelathini, washa. Nimezima na kuwasha hiyo ruta mpaka swichi ya ukutani imelegea. Akauliza ruta iko karibu na friji? Nikaihamisha. Kesho yake akaja fundi na ngazi yake, akachomeka waya moja kwa moja kwenye laptop, akapima: 19. Akanigeuzia kioo nione, kama daktari anayekuonyesha kwamba huna malaria. Alikuja saa nne asubuhi, shoga. Saa nne asubuhi hata mimi mwenyewe napata 19.

Yule mpwa wangu anayesoma Dodoma ndiye aliyenifungua macho. Akasema, mamdogo, hicho kipimo kinapima njia ya kutoka kwako hadi kwenye seva yao wenyewe, hakikuambii mafaili yako yanatendewaje. Akaniambia nirushe faili lilelile usiku, mara moja hivi hivi, mara ya pili kupitia VPN ya kazini, ile njia ya siri inayofunika unachotuma, niliyoisajili TCRA, mamlaka ya mawasiliano, baada ya tangazo lao la Oktoba 2023. Hivi hivi: linatambaa. Kwa VPN: linakimbia. Kisa ni kwamba ndani ya VPN hawaoni umebeba nini, basi hawajui wakusimamishe au wakuache. Akanionya nisirukie, huenda ni njia tu zimetofautiana, nirudie. Nimerudia usiku tatu, jibu ni hilohilo, na nimeyaandika kwenye daftari pamoja na saa.

Nikapiga tena, nikawasomea daftari langu. Binti aliyepokea akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini: dada, kuanzia jioni mafaili makubwa yanasubirishwa. Yanasubirishwa! Nikamuuliza imeandikwa wapi. Akasema kwenye sera ya matumizi ya haki. Haki ya nani, sikumuuliza, nilimwonea huruma. Nimeutafuta mkataba. Juu, kwa herufi kubwa: BILA KIKOMO. Chini kabisa, herufi za kutafutia miwani: vigezo na masharti kuzingatiwa.

Usinielewe vibaya, foleni naielewa. Bomba ni moja na nyumba ni nyingi, jioni Segerea nzima iko kwenye tamthilia. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya nchi nzima ilikuwa hoi kwa siku kadhaa, na sikumsikia jirani akitukana mtu. Tuliambiwa waya umekatika, tukasubiri. Hata konda wa daladala akikatisha ruti, umelipa nauli ya Segerea anakushusha Bima, angalau anapiga kelele "mwisho hapa!" Unashuka, unamtukana, unajua umeshuka. Hawa wananiacha nikae kitini nikidhani gari linakwenda.

Na ujue haya hayakuanzia kwetu. Hiyo Comcast, kampuni ya intaneti yenye ghorofa lake hapo Philadelphia kwenu ilifanya mambo hayo hayo. Mwaka 2007 bwana mmoja wa Oregon, Robb Topolski, alikuwa anataka kushiriki nyimbo za zamani za wanaume wanne wanaoimba bila ala, kwa njia ya BitTorrent, ambako watu wanapeana mafaili kompyuta kwa kompyuta, na hazitoki. Akachunguza mwenyewe, akakuta kampuni inapenyeza ujumbe wa kughushi, kompyuta ya huku inadhani ya kule imekata, na ya kule vilevile. Ni kama mtu aingilie simu yetu, aige sauti yako, aseme "haya kwaheri". Waandishi wa Associated Press nao wakajaribu, kwa faili la Biblia, likakwama! Kampuni ilianza kwa kukana. Agosti 2008 tume ya mawasiliano huko ikaiamuru kampuni iache, kwa kura tatu dhidi ya mbili. Aprili 2010 mahakama ikautengua uamuzi, ikisema tume haikuwa na mamlaka hayo. Wateja walioshtaki waliishia kuahidiwa mpaka dola 16 kila mmoja. Lakini kitu kimoja nimekipenda: Oktoba 2008 kampuni ikaweka kikomo wazi, GB 250 kwa mwezi. Kikomo sikipendi, ila kinaonekana. Kama uniti za LUKU, unaziona zinashuka, unajipanga.

Mimi nataka hivyo tu. Waniandikie: saa fulani mpaka saa fulani, mafaili ya aina fulani, tutakupunguzia mpaka Mbps 2. Nitaamua kulipa au kuhama. Malalamiko nimeshayapeleka kwao kwa maandishi, maana TCRA hawakupokei kabla hujaanza na kampuni. Nasubiri jibu.

Send-off? Ijumaa mchana niliitia kwenye flash, nikampa bodaboda. GB 9 zilifika Sinza kwa dakika 35, foleni ya Ubungo ikiwemo, na kaka wa bibi harusi akazirusha kutoka ofisini kwake. Muscat waliona usiku uleule.

Basi ukinitafuta kwa video, nipigie saa nne usiku ya kwenu. Huku ni saa kumi na moja alfajiri, Segerea imelala na intaneti inapumua. Nitakuwa na kanga kichwani na macho mekundu, lakini nitakuwa natikisika.

Msalimie shemeji na watoto.

Shoga yako wa Segerea