Mtoto wa mbwa amepauka ufizi: achomwe sindano ya pili au aonwe na daktari mwingine?

Kwako Daktari,

Habari za kazi. Naomba maoni yako kuhusu mtoto wa mbwa jike, chotara wa German Shepherd, umri wiki 9, uzito kilo 3.2. Tupo Kimara, Dar es Salaam.

Ameacha kucheza, chakula anaacha nusu, na uzito umesimama wiki nzima ilhali kwa umri huu ulitakiwa kupanda kila siku. Ufizi umepauka karibu kuwa mweupe. Kinyesi ni laini, cheusi kama lami. Hatapiki. Joto lililopimwa njia ya haja kubwa ni 38.6, na mkojo ni wa njano ya kawaida, si mwekundu wala kahawia. Ndani ya sikio walikutwa kupe wawili.

Daktari wa kwanza aliwaona hao kupe, akatazama ufizi, akasema ni homa ya kupe. Damu haikupimwa, kinyesi hakikupimwa. Akamchoma diminazini, ile dawa ya unga wa manjano inayotumika kwa nagana ya ng'ombe, na anataka airudie baada ya siku mbili.

Sindano hiyo ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi. Dawa hiyo ikichanganywa na maji inavyoelekezwa kwa ng'ombe hutoa takriban miligramu 70 kwa kila mililita. Dozi ya mbwa ni miligramu 3.5 kwa kilo, kwa hiyo huyu alihitaji miligramu 11 hivi, sawa na mililita 0.16. Bomba lililotumika lilikuwa la mililita 5, ambalo kila mstari wake ni mililita 0.2. Kiasi alichohitaji hakifiki hata mstari mmoja! Daktari hakumweka mbwa kwenye mzani kabla ya kuchoma, na kadi yake imeandikwa jina la dawa tu bila kiasi. Diminazini ikizidi hushambulia ubongo: mbwa huyumba, hutetemeka, hukakamaa. Hadi sasa hana dalili hizo, lakini sijui niongeze dozi juu ya dozi isiyojulikana kwa sababu gani.

Jambo la pili ni minyoo. Aliyetuuzia alisema mbwa ameshapewa dawa ya minyoo, na daktari akaridhika na jibu hilo. Chupa tuliyoonyeshwa ni ya piparazini. Hiyo hutoa minyoo mikubwa ya mviringo lakini haiui minyoo ya safura, ambayo ndiyo inayonyonya damu ya utumbo na kufanya kinyesi kiwe cheusi. Safura huwapata watoto wa mbwa kupitia maziwa ya mama, kwa hiyo usafi wa banda letu hautoshi kuiondoa kwenye orodha. Kwa safura ningetegemea piranteli, miligramu 5 kwa kilo na kurudia baada ya wiki mbili, au fenbendazoli, miligramu 50 kwa kilo kwa siku tatu mfululizo.

Sisemi homa ya kupe haipo. Kupe walionekana, na mbwa anaweza kuwa na vyote viwili. Ila kinyesi cheusi, joto la kawaida na mkojo safi vinanielekeza tumboni kabla ya kwenye kupe.

Tatizo ni kwamba kipimo cha damu ya ncha ya sikio kwenye hadubini kilipaswa kufanyika kabla ya sindano. Baada ya diminazini vijidudu vya homa ya kupe hupungua haraka, na kioo chenye damu kikionekana safi leo hakithibitishi kwamba havikuwepo. Kinyesi bado kinaweza kusema ukweli kikiwa kibichi, maana mayai ya safura huanguliwa upesi kwenye joto letu hili. Kiwango cha damu nacho kinapimika leo hii. Nafahamu kwamba watoto wa umri huu huwa na damu ya chini kuliko mbwa mkubwa, kwa hiyo namba isisomwe kwa kipimo cha mkubwa, jambo ambalo nimeona linakosewa.

Maswali yangu ni haya. Je, ni salama kukataa sindano ya pili hadi majibu ya kinyesi na damu yatoke, au kuna hatari kubwa zaidi katika kusubiri? Sampuli naweza kupeleka maabara ya veterinari Temeke. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) ipo Morogoro, lakini mbwa mwenye damu kidogo kusafirishwa kwa basi kwenye joto naona ni kumuongezea ugonjwa. Wewe ungesemaje?

Halafu daktari wa pili nimpe nini mkononi? Nafikiria kadi, chupa ya piparazini, na karatasi yenye uzito na joto la kila siku. Daktari wa kwanza ni jirani wa mtaa na sitaki aone amedharauliwa. Naweza kumuomba aandike kiasi cha dawa alichochoma bila ugomvi?

Mwisho, kama damu imeshuka sana, ni kiwango gani kwa mbwa wa wiki 9 kinachokufanya useme aongezewe damu badala ya kupewa dawa ya minyoo na madini ya chuma tu? Tuna dume la kilo 30 lenye chanjo zote ambalo linaweza kutoa.

Msomaji,
Kimara, Dar es Salaam