Risala ya Wamiliki wa Virikuu vya Kijapani kwa Mgeni Rasmi, Mjumbe wa Bunge la Jimbo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mjumbe wa Bunge la Jimbo letu,
Viongozi wa kikundi, wakulima, mafundi na wageni waalikwa,
Mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Magari uliyoyakagua hapa uwanjani, yaani virikuu, malori madogo ya Kijapani kama Suzuki Carry, Daihatsu Hijet, Honda Acty na Subaru Sambar, yote yamefika yakiwa yamebebwa kwenye matela. Hakuna hata moja lililokuja likiendeshwa, kwa kuwa jimbo letu hapa Marekani haliyaruhusu barabarani, ingawa yote yanawaka na breki zake zinashika. Hicho ndicho kilichotufanya tukuite.

Mheshimiwa, Wajapani walianzisha daraja hili la magari madogo mwaka 1949. Kwa kipimo cha sasa urefu hauzidi mita 3.4, upana mita 1.48, na injini sentimita za ujazo 660. Ndani ya udogo huo wamepata bodi ya karibu mita 2, ambayo mbao zake za pande tatu zinashushwa. Pikapu nyingi kubwa za milango minne hapa Marekani zina bodi fupi kuliko hiyo. Tena bodi ya kirikuu iko chini. Mtu mzima mwenye mgongo unaouma anapakia marobota ya nyasi peke yake, kutoka upande autakao. Mwenye shamba dogo, fundi bomba au mtunza bustani ahitaji nini zaidi?

Hatukuyapitisha njia za panya. Sheria ya shirikisho inaliruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia nchini bila kutimiza viwango vya usalama vya magari mapya. Tulisubiri umri huo, tukalipa ushuru, tukapewa hati za forodha. Tatizo linaanzia kwenye usajili, ambao uko mikononi mwa kila jimbo. Wapo wenzetu waliopewa namba, wakalipia bima mwaka hadi mwaka, kisha siku moja ikaja barua ya kuwataka wazirudishe. Gari lilikuwa lile lile, barabara ile ile, na mwenye gari hakuwa na kosa lolote. Mzee wetu mmoja aliyekuwa akipeleka mboga sokoni kwa kirikuu chake sasa anaomba lifti kwa jirani. Barua ile inamuuma mpaka leo, na sisi inatuuma pamoja naye.

Kwingine wameshaliona hili. Massachusetts ilisitisha usajili mwaka 2024, wamiliki wakapaza sauti, na mwaka huo huo uamuzi ukabadilishwa. Texas ilifungua mlango mwaka 2024, na mwaka uliofuata ikatunga sheria kabisa. Colorado nayo ilipitisha sheria yake mwaka 2025, itakayoanza kutumika 2027.

Mheshimiwa, hatutakuficha jambo. Dereva wa kirikuu anakaa mbele kabisa, magoti yake karibu na bampa, na mengi ya magari haya hayana mifuko ya hewa. Anayehofia ajali ana haki ya kuhofia. Lakini pikipiki haina hata mlango, na inaruhusiwa. Gari la kale lisilo na mikanda linapewa namba za heshima. Na kuhusu usukani wa kulia, wapeleka barua vijijini wameuzoea miaka mingi.

Kwa hiyo hatuombi barabara kuu za kasi zinazounganisha majimbo; huko si mahali pa gari la kilo 700 hivi. Tunaomba sheria itakayoturuhusu kutumia barabara zenye ukomo wa kasi usiozidi maili 55 kwa saa, magari yakaguliwe breki, taa, matairi na mikanda kila mwaka, na kirikuu kitajwe kwa jina lake ndani ya sheria ili karani wa dirishani asilazimike kukisia. Zaidi ya yote tunaomba waliosajiliwa kihalali wakanyang'anywa namba wawe wa kwanza kurudishiwa. Hilo halihitaji fedha za jimbo.

Baada ya risala hii tumekuandalia kiti cha abiria, upande wa kushoto, kwenye Sambar ya mzee wetu wa mboga. Atakuzungusha mpaka kwenye lango la uwanja. Hapo atageuza, kwa sababu nje ya lango haruhusiwi.

Tunaomba kuwasilisha.