Mhariri, mashine ya Geneva inameza dunia lini sasa?

Ndugu mhariri,

Salamu sana. Mi ni mwalimu wa fizikia sekondari hapa Tanga, gazeti lako nalisoma karibu kila siku, hata nisiponunua mwenyewe nalisoma la bure ofisi ya walimu. Wiki iliyopita mmeweka habari nusu ukurasa, kichwa cha habari kikubwa kinauliza eti wanasayansi wa Ulaya wataimaliza dunia, na chini yake picha ya lile dude la duara refu kuliko ghorofa. Ni mashine ya CERN, maabara ya Ulaya iliyoko Geneva, inayogonganisha chembe ndogo kuliko atomi, na hofu yenyewe ni kwamba itatengeneza shimo jeusi, yaani kitu kilichobanana mno hata mwanga hautoki, alafu limeze dunia. Nimeisoma yote nikitafuta jibu la swali mlilouliza. Jibu hamna. Kuna "baadhi ya watu wanahofia" mara tatu, alafu tangazo la godoro.

Kesho yake niko kidato cha nne nafundisha sumaku, kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, mwalimu, sasa sisi tunasomea nini mtihani wakati ile mashine inameza dunia? Darasa zima likaangua kicheko, ila yeye mwenyewe hakucheka, na wasichana wawili wa mbele nao nikawaona hawacheki. Jioni shangazi yangu wa Pangani ananitumia klipu WhatsApp, ile inayokuja na alama kwamba imefowadiwa mara nyingi, na voisi noti juu yake, "mwanangu we si ndo umesomea mambo haya, hebu niambie tujiandae au tulale?"

Mhariri, watu wa namna hii hawachekwi, maana hofu hii hata wanasayansi wenyewe imewahi kuwapitia. Mwaka 1942 Marekani wakiwa ndo wanaanza kulipigia hesabu bomu la atomiki, Edward Teller aliwauliza wenzake je, joto la bomu haliwezi kuwasha hewa yote ya dunia ikaungua kama petroli? Hans Bethe akakaa na kalamu yake, akaona hapana, joto lingepotea haraka kuliko moto ungeweza kujiendeleza. Na bado Julai 1945, siku ya kulijaribu kule New Mexico, Enrico Fermi anapokea dau kutoka kwa wenzake, hewa inawaka au haiwaki, na ikiwaka inaishia New Mexico au inakwenda dunia nzima. Alikuwa anatania. Mi ningekuwa askari wa zamu pale na nimesikia utani huo ningeomba ruhusa ya kwenda msibani.

Sasa haya ya mashimo meusi, unajua yalianzia wapi? Kwenye barua kwa mhariri, kama hii unayosoma. Mwaka 1999 jarida la Scientific American liliandika kuhusu mashine mpya ya kugonganisha viini vya atomi pale Brookhaven, Long Island, jirani na New York, na msomaji mmoja anaitwa Walter Wagner akaandika kuuliza kama haiwezi kutengeneza shimo jeusi dogo likaanza kula dunia. Swali zuri tu. Jarida likamtafuta mwanafizikia Frank Wilczek ajibu, huyu 2004 alikuja kupata Nobel, na yeye akajibu shimo jeusi haliwezekani, alafu bila kuulizwa akaongeza kwamba cha kufikiria zaidi labda ni strenjileti, yaani kidonge cha kwaki (chembe ndogo zinazojenga protoni na nyutroni za ndani ya atomi) ambacho kwa nadharia kikigusa maada ya kawaida kinaigeuza nayo iwe kama chenyewe, na papo hapo akaeleza kwa nini hilo nalo halitegemewi. Mtu wa watu alikuja na ndoo ya kuzima moto kumbe ndani ni mafuta ya taa. Gazeti moja la Jumapili la London likachukua ile hofu likaipa kichwa kikubwa, na huko mbele unajua mwenyewe, biashara yako hiyo. Brookhaven ikabidi waunde kamati ya usalama, ikakaa ikajibu swali kwa swali, mashine ikawashwa mwaka 2000 na imepiga kazi zaidi ya miaka 20. Long Island iko palepale.

Wagner hakukata tamaa. Ilipofika zamu ya CERN, na mashine yao ya kilomita 27 iliyozikwa kama mita 100 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, yeye na mwenzake Luis Sancho wakafungua kesi 2008 Hawaii. Ndio, Hawaii! Ni kama mtu wa Kigoma akafungue kesi Lamu kuzuia kisima cha Songea, ingawa kweli Marekani nayo iliweka hela kwenye mradi. Kesi ikatupwa. Ulaya nako kundi la kina Otto Rössler, profesa Mjerumani, likaenda mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Strasbourg kutaka mashine izuiwe, mahakama ikakataa.

Alafu ikaja 10 Septemba 2008, siku ya kuiwasha mashine ya CERN kwa mara ya kwanza, na hapa ndo nataka usimame kidogo mhariri. Vituo vya televisheni India vilikuwa siku kadhaa vinarusha vipindi vya mwisho wa dunia, wachambuzi wanabishana kama kesho ipo. Kule Madhya Pradesh binti wa miaka 16 akajiua. Wazazi wake walisema alikuwa anaangalia vipindi hivyo na hofu ikamzidi. Miaka 16, ndo umri wa hao wawili waliokaa mbele darasani kwangu. Na kinachoniuma ni kwamba siku ile hakuna kilichogongana. Hakuna. Walikuwa wanazungusha miale ya protoni tu kwa mara ya kwanza kuona kama njia iko sawa, upande mmoja alafu upande mwingine. Migongano ya kwanza ilikuja Novemba 2009, na ile ya nguvu kubwa ni 30 Machi 2010. Maana siku tisa baada ya kuwashwa, kiungo kimoja cha umeme kati ya sumaku kiliungua, tani kama 6 za heliamu ya kupozea sumaku zikavuja ndani ya handaki, sumaku 53 zikaharibika, mashine ikalala zaidi ya mwaka. Hayo ndo yaliyoharibika, mashine yenyewe. Kuna mwandishi hata mmoja aliyerudi kuwaambia watazamaji wake kwamba siku ile aliyowatisha nayo haikuwa hata na mgongano?

Sasa jibu, maana nililalamika hamna jibu. Protoni moja ikiwa kwenye kasi yake ya juu ya sasa ina nguvu kama ya mbu wachache wanaoruka, mbu hawahawa wa kwetu, saba hivi. Mbili zikigongana uso kwa uso, sema mbu kumi na nne. Ajabu yake ni kwamba nguvu hiyo imebanwa kwenye kidoti kidogo kuliko atomi, kwa hiyo pale pale ni moto wa kutisha, ila kwa jumla ni mbu. Hata tuseme nguvu yote igeuke shimo jeusi, uzito wake ni wa protoni elfu 14 na ushee, na uzito huo hauvuti kitu. Watu wanadhani shimo jeusi ni kama mdomo wa feni unaonyonya kila kilicho karibu. Hapana, linavuta kulingana na uzito wake, hata jua letu lingebadilishwa ghafla kuwa shimo jeusi lenye uzito uleule dunia ingeendelea kulizunguka kama kawaida, tungekufa kwa baridi tu. Na mwanafizikia Mwingereza Stephen Hawking alionyesha tangu miaka ya 70 kwamba shimo dogo namna hiyo linayeyuka lenyewe mara moja.

Utaniambia hiyo ni nadharia ya Hawking na nadharia huwa zinakosea. Sawa, tuiache. Toka nje usiku uangalie juu. Mionzi ya angani, yaani chembe zinazokuja kwa kasi kutoka anga za mbali, inapiga hewa ya dunia hii mchana na usiku tangu kabla hakujawa na samaki baharini, na mingine ina nguvu kuliko chochote cha Geneva. Mwaka 1991 kule Utah walinasa chembe MOJA yenye nguvu ya mpira uliorushwa kwa mkono kweli kweli, na mgongano wake na hewa ulikuwa na nguvu mara makumi ya ile ya CERN. Ripoti ya usalama ya CERN ya 2008 ilipiga hesabu kwamba kazi yote ya mashine yao kwa maisha yake yote, mbingu imeshaifanya juu ya dunia hii kama mara laki moja.

Kuna mwanafunzi wangu mmoja mkali akanipinga hapo, na kanifurahisha mno: mwalimu, mionzi inagonga hewa iliyotulia kwa hiyo kitakachotokea kinapita na kasi yake kinatokea upande wa pili, ila Geneva wanagonganisha uso kwa uso kwa hiyo kinaweza kubaki hapa hapa. Kijana wa kidato cha nne huyo! Ndo pingamizi lenyewe la wakosoaji. Wanafizikia Steven Giddings na Michelangelo Mangano walilijibu 2008 kwa kuziangalia nyota kibete nyeupe na nyota za nyutroni, yaani mabaki ya nyota zilizokufa, yaliyobanana kiasi kwamba kijiko kimoja cha kibete nyeupe ni tani kadhaa. Hizo nazo zinapigwa na mionzi hiyohiyo, na kwa kubanana kwake shimo hatari lingekwama ndani lisitoke, likala nyota kutoka tumboni. Zingekuwa zimeisha zamani. Lakini zipo, ukiwa na darubini unaziona, nyingine zina umri wa mabilioni ya miaka.

Kuhusu klipu ya shangazi sitachukua muda. Ni ya lile sanamu la Shiva, mungu wa Wahindu, la mita 2 lililopo uani CERN, eti wanaabudu kabla ya kufungua mlango wa kuzimu. Sanamu ni zawadi ya serikali ya India ya 2004. Ile video ya watu wenye majoho usiku mbele yake ya 2016 ni watu waliokuwa wanacheza mzaha ndani ya eneo, na CERN wenyewe walikasirika. Julai 2022 mashine ilipoanza tena kazi TikTok nayo ikajaa milango ya kuzimu, na yote hayo yanasafiri kwenye wavuti, ambao Tim Berners-Lee aliubuni 1989 akiwa mfanyakazi wa hao hao CERN. Ukitaka kulaumu maabara ile kwa kitu, anzia hapo.

Ninachoomba ni kidogo tu. Mkiuliza swali nusu ukurasa, jibu nalo lipeni nusu ukurasa, toleo hilohilo, sio wiki mbili baadaye chini ya ratiba ya mpira. Mkikosa wa kuandika nipigieni mi, bure kabisa, chuo kikuu nako wapo wanaojua kunishinda.

Shangazi nilimtumia voisi noti ya dakika tisa, mbu, nyota, sanamu, vyote. Akasikiliza mpaka mwisho. Akanijibu, "Nimekuelewa mwanangu, tulale. Lakini hilo sanamu waliondoe."

Mwalimu wa fizikia,
Tanga